MFUNDISHENI KUUKIMBIA MOTO

Ndugu wazazi, mwezi huu tuzungumze juu ya watoto wetu wenye hali ya Down. Hali hii si laana wala haiambukizi. Wengi wao huzaliwa na kromosomu 47 badala ya 46, kama walivyoeleza daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake mwaka 1959.

Wodini kwetu tulimuuguza binti mmoja aliyejificha uvunguni mwa kitanda nyumba ilipowaka. Miaka yote alikuwa amekatazwa kusogelea jiko, lakini hakuna aliyemfundisha kutoka nje. Kukataza peke yake hakutoshi.

Wengi wenye hali hii hushika jambo kwa kuona na kutenda kuliko kwa kuambiwa, na baadhi yao husikia kwa shida. Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Nyumba nzima itumie maneno yale yale: "Moto! Nje!" Mwonyesheni na mlango kwa mkono.

2. Chagueni mahali pa kukutania, kama chini ya mwembe. Tembeeni naye kutoka kitandani mpaka hapo, mchana na usiku, hadi aweze kwenda peke yake. Akishatoka, asirudi ndani, hata kwa kufuata viatu.

3. Penye moshi, atambae, maana hewa iliyo afadhali iko chini. Mfundisheni kama mchezo.

4. Nguo ikishika moto asikimbie. Asimame, alale chini, afunike uso kwa mikono, abiringike.

5. Aliye mkubwa afundishwe kupika hatua moja moja: kwanza kufunga khanga vizuri, kisha kuepua sufuria kwa vitambaa. Mafuta ya taa asiyaguse.

Rudieni kila wiki, tena msifuni. Msimtishe, kwani mwenye hofu hujificha.

Akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, samli wala asali. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi, mleteni hospitali.

Binti yule alikaa kwetu wiki nyingi, nasi tukamfundisha kila asubuhi. Siku ya kuruhusiwa tukasema, "Moto! Nje!" Akaacha uji wake mezani, akatutangulia sote mlangoni. Mama yake alilia. Wazazi, msingoje mpaka nyumba iwake. Anzeni leo jioni.