Masomo ya Ziada na Chanzo cha Kosa

Mwanafunzi akijumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, amejumlisha viasi pamoja na asili pamoja. Kosa hilo likitiwa mkasi tu, hulichukua hadi kwenye aljebra, akalirudia katika 1/x + 1/y.

Katika masomo ya ziada, mwalimu humwomba kwanza aeleze njia yake, kisha humwuliza: je, 2/5 inazidi 1/2? Hapo mwanafunzi hutambua mwenyewe kwamba jumla imekuwa ndogo kuliko namba mojawapo aliyoijumlisha. Ndipo huchora mstari wa vipande 6 vilivyo sawa: 1/2 ni vipande 3, 1/3 ni vipande 2, jumla ni 5/6.

Basi faida ya masomo hayo haitokani na wingi wa mazoezi pekee, bali na kusikilizwa kwa fikra za mwanafunzi.