Haki, Idhini na Dhima: Usimamizi wa Watumiaji wa Hifadhidata katika Kliniki za Homa Bay na Migori

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi idhini za watumiaji zinavyosimamiwa katika hifadhidata mahusiano, yaani ghala la taarifa lililopangwa katika majedwali yanayounganishwa kwa funguo. Mfano unaotumika ni kumbukumbu za wagonjwa katika kliniki za UKIMWI za kaunti za Homa Bay na Migori. Hoja kuu ni kwamba maneno haki, ridhaa na idhini, ambayo aghalabu hutumiwa kana kwamba ni visawe, yanataja mambo matatu tofauti, na kwamba mfumo usiotenganisha mambo hayo hauwezi kutunza siri ya mgonjwa. Makala yanapendekeza pia neno dhima litumike kutaja kile ambacho mtumiaji hupewa idhini kwa ajili yake.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejikita katika majina ya vitu. Wataalamu wamebishana iwapo chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na iwapo ghala la taarifa liitwe hifadhidata au kanzidata. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo huo. Hata hivyo, istilahi zinazotaja mahusiano ya watu ndani ya mfumo, yaani nani anaruhusiwa kutenda nini na kwa kibali cha nani, hazijapewa uzito unaostahili.

Uzito huo unaonekana wazi katika eneo la Ziwa. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 4.9 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Katika kaunti ya Homa Bay kiwango kilikuwa asilimia 19.6, na katika Migori asilimia 13.0. Nyuma ya takwimu hizo kuna maelfu ya majina katika kumbukumbu za kliniki. Karani anayeyaandika mara nyingi ni jirani wa mgonjwa, huabudu naye pamoja au hukutana naye sokoni. Katika mazingira hayo, swali la nani afungue jedwali lipi haliwezi kuachiwa mafundi peke yao.

2.0 Hifadhidata Mahusiano na Milango Yake

Nadharia ya hifadhidata mahusiano iliasisiwa na Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Kwa mujibu wake, taarifa hupangwa katika majedwali yenye safu na mistari, na majedwali huhusishwa kwa ufunguo. Chukua kliniki ya kubuni. Jedwali la kwanza lina jina la mtu, kijiji na nambari ya simu. La pili lina tarehe za vipimo na matokeo. La tatu lina dawa zilizotolewa. Nambari ya mgonjwa ndiyo ufunguo unaoyaunganisha yote matatu.

Mpangilio huu una maana kubwa kwa suala la siri. Jedwali la matokeo lisilo na majina ni takwimu tu, na jedwali la majina lisilo na matokeo ni orodha ya wanakijiji. Siri huzaliwa majedwali hayo yanapounganishwa. Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kazi ya msimamizi wa hifadhidata ni kuamua ni kata ipi itazamishwa katika mtungi upi.

Chombo chake ni amri mbili: GRANT, inayotoa idhini, na REVOKE, inayoiondoa. Idhini huhusu vitendo mahususi juu ya jedwali mahususi, hasa vinne: kusoma, kuingiza, kusahihisha na kufuta. Mtu anaweza kuidhinishwa kuingiza taarifa asiidhinishwe kuzifuta. Aidha, msimamizi anaweza kutengeneza dirisha, yaani jedwali la kuonekana tu, linaloonyesha baadhi ya safu na kuficha nyingine. Karani wa mapokezi akifungua dirisha la miadi, ataona jina la mgonjwa na siku ya kurudi, ilhali safu ya matokeo haimo kabisa.

Mifumo ya afya huongeza mlango wa pili. OpenMRS, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana waliokuwa wakishirikiana na mradi wa AMPATH wa Eldoret, ndio msingi wa KenyaEMR, ambayo ilianza kutumika katika vituo vya afya vya Kenya kuanzia mwaka 2012. Katika OpenMRS, idhini za wahudumu huandikwa ndani ya majedwali ya mfumo wenyewe: kuna jedwali la watumiaji, la dhima na la idhini, pamoja na majedwali ya kuziunganisha. Programu ndiyo husoma majedwali hayo kabla ya kumfungulia mhudumu ukurasa. Hifadhidata iliyo chini yake humjua mgeni mmoja tu, yaani programu yenyewe. Basi mwenye nywila ya hifadhidata huingia kwa mlango wa nyuma, na idhini zote zilizopangwa mbele hazimzuii. Nywila hiyo yafaa iwe mikononi mwa wachache mno.

3.0 Haki, Ridhaa na Idhini

Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba mtumiaji fulani "ana haki" ya kuona faili. Baadhi ya watu, wakifuata kamusi neno kwa neno, huita idhini hizo "upendeleo". Matumizi yote mawili yana kasoro. Upendeleo hudokeza fadhila wanayopewa wateule. Haki nayo ina mwenyewe. Haitolewi kwa hisani wala haifutwi kwa amri ya fundi. Katika kliniki, mwenye haki ni mgonjwa. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya kufichuliwa isivyo lazima kwa taarifa za familia yake na mambo yake ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti.

Ridhaa ni kauli ya mwenye haki. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kufichua matokeo ya mtu bila ridhaa yake ya maandishi, ila katika hali chache ambazo sheria yenyewe inazitaja. Idhini huja baada ya hayo. Ni kibali ambacho taasisi humpa mhudumu ili atende kazi fulani kwa taarifa ambazo si zake. Kwa hiyo haki ni ya mgonjwa, ridhaa hutoka kwake, na idhini hukaa kwa mhudumu mithili ya amana.

Tofauti hii ilipimwa mahakamani. Mnamo Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Ukusanyaji huo ulihusisha kuambatanisha majina na hali za afya. Shirika la KELIN na wenzake walipinga agizo hilo, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba lilikiuka haki ya faragha, ikataka majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa misimbo. Kwa lugha ya hifadhidata, mahakama ilikataza muungano wa majedwali mawili. Funzo lake ni kwamba ukubwa wa cheo cha anayeagiza hauzai ridhaa ya mgonjwa, na pasipo msingi huo idhini haina mahali pa kusimama.

4.0 Dhima Badala ya Cheo

Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn walipendekeza kwamba idhini zisifungwe kwa mtu mmoja mmoja bali kwa kazi anayoitenda, na mwaka 1999 utaratibu huo uliingizwa katika kiwango rasmi cha lugha ya SQL. Kwa mwanafunzi wa fasihi, dhana hii si ngeni. Mhakiki huuliza dhima ya mhusika katika tamthilia, na mhusika huhukumiwa kwa analolitenda jukwaani. Neno dhima lina faida nyingine pia: ndani yake mna maana ya wajibu anaobebeshwa mtu. Maneno cheo na wadhifa hayabebi mzigo huo kwa wazi namna hiyo.

Katika kliniki ya kubuni iliyotajwa hapo juu, dhima ya karani wa mapokezi ni kusajili na kupanga miadi. Anaidhinishwa kusoma na kusahihisha jedwali la watu tu. Dhima ya mhudumu wa maabara ni kuingiza matokeo. Anaona nambari ya sampuli, na huenda asihitaji jina. Mfamasia husoma maagizo ya dawa na kuandika kiasi alichotoa. Tabibu huona historia nzima ya mgonjwa anayemhudumia. Afisa wa takwimu husoma jumla zisizo na majina. Kanuni inayoongoza ni moja: kila dhima ipewe idhini ya chini kabisa inayotosheleza kazi.

Kanuni hii hugongana na utamaduni wa heshima. Mkuu wa kituo anapotaka kuona kila kitu kwa sababu yeye ni mkuu, fundi mdogo huona vigumu kukataa. Tofauti kati ya cheo na dhima humpa fundi huyo kauli ya adabu: mkubwa hanyimwi heshima, ila dhima yake haidai kuona majina.

5.0 Kufuta Idhini

Kutoa idhini ni kwepesi kuliko kuifuta. Patricia Griffiths na Bradford Wade wa IBM walilieleza tatizo hili mwaka 1976. Iwapo Juma amempa Achieng idhini pamoja na uwezo wa kuigawa, naye Achieng akampa Chacha, kufuta idhini ya Achieng kunapasa pia kuondoa ya Chacha, ikiwa hakuipata kwingine. Idhini ina nasaba, na shina likikatwa matawi hukauka.

Shida hii si ya vitabuni pekee. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa miradi ya UKIMWI nchini Kenya walisimamishwa kazi ghafla. Mtu anapoondoka kwa namna hiyo, jina lake hubaki katika jedwali la watumiaji mpaka mwingine alifunge, na huenda aliyepaswa kulifunga naye ameondoka. Ndiyo maana orodha ya watumiaji inapaswa kukaguliwa kwa vipindi maalumu, na kufunga akaunti kuwe sehemu ya utaratibu wa kumuaga mfanyakazi.

Hatari nyingine ni nywila moja kutumiwa na watu watano. OpenMRS huandika katika kila mstari nani aliuingiza na lini. Taarifa inayobatilishwa huwekewa alama pamoja na jina la aliyeibatilisha na sababu. Nywila ikiwa ya wote, safu hizo husema uongo, na asiye na hatia anaweza kubebeshwa kosa la mwenzake. Isitoshe, safu hizo hurekodi uandishi, si usomaji. Mtu aliyetazama tu na kwenda kusimulia hazimnasi. Kinga dhidi yake ni kutompa idhini ya kusoma tangu mwanzo.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba usimamizi wa watumiaji wa hifadhidata ni suala la lugha sawa na lilivyo suala la ufundi. Inapendekezwa kwamba haki ibakie kwa mgonjwa, ridhaa iwe kauli yake, idhini iwe kibali cha mhudumu, na dhima iwe kazi inayokihalalisha kibali hicho. Skrini za mifumo hii nchini Kenya kwa kawaida huandikwa Kiingereza, lakini mafunzo na maelezo ya mdomo, hasa katika miji ya mchanganyiko kama Migori na Isebania, mara nyingi hufanyika kwa Kiswahili. Karani anayefundishwa kwamba ana haki ya kuona faili atalifungua bila kusita. Aliyefundishwa kwamba ana idhini atajua kwamba yuko aliyempa, ipo kazi aliyopewa kwa ajili yake, na yupo mgonjwa ambaye faili ni lake.