Mpenzi anataka nibadili chuo ili tusiachane

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 19, naishi Mwanza na mama yangu, ambaye anafanya biashara ya dagaa Kirumba. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCB. Nina mpenzi wa miaka 20 niliyesoma naye. Tulianza kwa kufanya diskasheni pamoja, baadaye tukajikuta tunapendana. Kwenye JKT mimi nilipangiwa Rwamkoma, yeye Mafinga. Miezi yote mitatu tuliongea kwa nadra sana, lakini tuliporudi tulikuwa vilevile.

Sasa majina ya vyuo yametoka. Yeye amepata uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi nimechaguliwa sehemu mbili: Uuguzi Chuo Kikuu cha Dodoma, ambao niliuweka namba moja, na kozi nyingine ya sayansi hukohuko Mlimani, ambayo niliijaza tu ili nafasi isibaki wazi. Natakiwa kuthibitisha chuo kimoja. Mwenzangu anasema nikienda Dodoma ndiyo mwisho wetu, kwa sababu fimbo ya mbali haiui nyoka. Juzi aliniomba nimtumie namba ya siri ya kuthibitisha niliyotumiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ili anithibitishie Mlimani. Nilipositasita akakasirika, akasema ningekuwa nampenda nisingefikiria mara mbili.

Nampenda kweli, Anti, na naogopa wasichana wa huko watanipokonya. Mama hajui habari zake. Nikimwambia nimebadili kozi ataniuliza kwa nini, na sina jibu. Je, mapenzi ya mbali yanadumu? Nifanye nini?

Njia Panda, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kufaulu. Nimeitanguliza barua yako kwa sababu dirisha la kuthibitisha halimsubiri mtu, kwa hiyo naanza na jibu: thibitisha Uuguzi, Dodoma. Ile namba ya siri usimpe yeye wala mtu mwingine yeyote. Imetumwa kwenye simu yako kwa kuwa uamuzi ni wako. Mwenye nia ya kukusaidia angekaa pembeni, ukabonyeza mwenyewe.

Hayo yakishafanyika, tuzungumze mapenzi, maana sitaki udhani nayadharau. Watu wazima wengi wakisikia kijana wa miaka 19 anapenda husema, "Utoto huo, utapita." Mimi sisemi hivyo. Mlisoma pamoja na mkafaulu wote wawili. Uhusiano usiomwangusha mtu darasani una heshima yake. Shida imeanza pale mmoja alipotaka mwenzake alilipie penzi hilo kwa miaka yake ya masomo.

Hebu fikiria umemfuata. Unaingia darasani kusoma kozi uliyoijaza kuziba nafasi. Mwezi wa pili mnagombana, kama wagombanavyo watu wote. Yeye anabaki na uhandisi alioutaka. Wewe unabaki na nini? Uhamisho wa chuo upo, lakini una masharti na muda wake, na nafasi utakayoiachia leo hailali ikikungoja. Tena kuna deni. Ukisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, siku utakapoajiriwa mwajiri atakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Atakayekatwa ni wewe, uwe bado na huyu kijana au yeye awe ameshaoa kwingine. Kama ni kukatwa, ukatwe kwa kazi uliyoipenda.

Umeniambia unaogopa mama akikuuliza kwa nini. Swali hilo mama hajaliuliza bado, lakini limeshakusumbua, na lina haki ya kukusumbua. Si lazima umfungulie mama moyo wako wote leo. Ila uamuzi ambao huwezi kumweleza mama sababu yake, jua una kasoro.

Tuje kwenye fimbo na nyoka. Methali ni ya kweli, lakini mwulize kijana: hapo nyoka ni nani? Kama ni wanaume wa Dodoma, basi anataka kukuchunga, na mtu mzima hachungwi. Kama ni tamaa zake mwenyewe, Mlimani ukienda utakuwa mlinzi wake badala ya kuwa mwanafunzi. Wasichana unaowaogopa watakuwepo hata mkikaa dawati moja. Isitoshe, kutoka Rwamkoma hadi Mafinga ni mbali kuliko Dodoma na Dar es Salaam. Umbali huo mliuvumilia miezi mitatu bila mawasiliano ya maana, mkarudi vilevile. Ushahidi mlio nao mkononi unampinga yeye.

Umeuliza kama mapenzi ya mbali yanadumu. Yapo yanayodumu, yapo yanayokufa, na mengi yanayokufa umbali unasingiziwa tu. Kati ya miaka 19 na 23 mtu hubadilika sana. Utapata marafiki wapya, utaona maisha na mauti wodini, utaanza kujua unachokitaka. Naye vivyo hivyo. Mnaweza kubadilika mkaelekea upande mmoja, mnaweza kupishana. Hilo hakuna chuo kinachoweza kulizuia.

Kwa hiyo kabla hamjaondoka Mwanza, kaeni mzungumze uso kwa uso, msimalizane kwenye WhatsApp. Mwambie umeshathibitisha, unampa taarifa, huombi ruhusa. Halafu mpange mawasiliano yanayowezekana. Uuguzi una mafunzo ya wodini, na kuna siku utarudi hosteli hujiwezi kwa uchovu. Ahadi ya simu ndefu kila usiku itawaletea ugomvi bure. Chagueni siku mbili au tatu za kuongea vizuri, siku nyingine salamu inatosha. Ujumbe uliokaa saa tatu bila jibu si usaliti.

Pangeni na kuonana. Tangu 2024 treni ya SGR inakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa takriban saa nne, na nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000. Fedha ya chakula na malazi kwa mnufaika wa mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Yaani kila safari moja inameza zaidi ya siku sita za kula na kulala. Mkitaka kuonana kila mwisho wa wiki, bumu litaisha kabla ya mitihani. Mara moja kwa muhula inatosha, na likizo mtakutana nyumbani. Mkubaliane pia kwamba yeyote akiona imetosha, aseme kwa mdomo wake. Asizime simu akapotea.

Sikwambii umwache kwa hasira ya siku moja. Ana miaka 20, naye anaogopa kama wewe, na woga humfanya mtu aseme ovyo. Lakini uangalie atakavyoipokea habari. Akinuna siku mbili kisha akauliza unasafiri lini ili akusindikize stendi ya Nyegezi, huyo mnaweza kuendelea naye. Akikutukana, akikutisha kwamba utajuta, akidai nywila ya simu yako, picha usiyotaka kuituma au ushahidi mwingine wowote wa kuthibitisha penzi kabla hujaondoka, basi amekupa jibu mapema. Achana naye hapohapo, na umweleze mtu mzima unayemwamini. Na hayo ninayoyakataza kwake nayakataza kwako: usidai nywila yake, wala usimpigie simu ya video usiku wa manane kukagua yuko na nani.

Na wewe kijana, kama gazeti hili litakufikia: hakuna aliyekuomba uache uhandisi ili kuthibitisha kwamba unapenda. Usimdai mwenzako kitu ambacho wewe hujadaiwa.

Njia Panda, thibitisha Uuguzi leo, hakikisha mfumo umeupokea uthibitisho wako, kisha ndipo umpigie simu.