Feni ya Paani: Hewa Iingie Wapi?

Nchini Marekani, magari mengi ya safari yenye vitanda na jiko ndani huwa na tundu la mraba paani, lenye upana wa sentimita 36 hivi. Hewa ya joto, kwa kuwa ni nyepesi, hukusanyika chini ya paa. Feni iliyowekwa tunduni huitoa nje. Mwenye gari akiona joto halipungui, hununua feni kubwa zaidi. Je, atafanikiwa?

Kila lita ya hewa itokayo sharti nafasi yake ichukuliwe na nyingine. Madirisha yote yakifungwa, feni kubwa huzunguka karibu bure. Tena yaweza kuuvuta ndani moshi wa hita ya gesi kupitia bomba lake, pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Basi kwanza lifunguliwe dirisha la upande wa kivuli, mbali na feni.

Pili, tuitazame betri. Kwa kanuni, mwendo wa feni ukipunguzwa kwa nusu, hewa nayo hupungua kwa nusu, lakini nguvu inayohitajika hushuka hadi thumuni: wati 32 huwa 4. Kwa hiyo feni ifaayo ni ile iwezayo kuzunguka polepole usiku kucha, dirisha likiwa wazi.