Dondoo muhimu: Tui la nazi lisikatike

Jikoni kwetu Mwabungo, samaki, mchicha na muhogo vyote hungoja tui. Lilinde hivi:

1. Tikisa nazi kabla ya kununua. Usiposikia maji, iache.
2. Ukikuna, usifike kwenye kifuu; ganda la kahawia hutia tui weusi.
3. Kamua kwa maji ya vuguvugu, uchuje kwa kifumbu.
4. Tenga tui zito na jepesi, usiyachanganye.
5. Ivisha mboga kwa tui jepesi. Zito litie mwisho.
6. Punguza moto, koroga taratibu, usifunike sufuria.
7. Ndimu kamulia baada ya kuepua.
8. Tui litumie siku hiyohiyo. Joto la Pwani hulichachusha upesi.