Pipa la Mvuke: Kutayarisha Maganda ya Kuoteshea Uyoga

Bwana Mhariri ameniandikia kwamba vijana wa Klabu ya Kilimo wameanza kuotesha uyoga nyuma ya bweni, na kwamba mifuko yao mingi imegeuka rangi ya majani mabichi kabla haijatoa hata uyoga mmoja. Ameniomba nieleze sababu yake, nami nimekubali upesi, kwa kuwa kosa lao nalijua sana. Nililifanya mimi kabla yao, nalo lilinigharimu zaidi ya mifuko.

Yafaa nianze na habari hiyo. Nilipomaliza masomo nilirudi nyumbani, karibu na Fort Portal, nikiwa na cheti mkononi na kazi sina. Nilimshawishi Mama atuazime fedha alizopata kwa kuuza mbuzi wawili, fedha ambazo zilikuwa ada ya mdogo wangu ya muhula uliokuwa ukija. Nilimwambia kwamba kabla ya shule kufunguliwa tungezirudisha na faida juu yake. Basi nikanunua magunia ya maganda ya mbegu za pamba yaliyotoka Kasese, na chupa za mbegu za uyoga, nikajaza mifuko 40. Wiki mbili baadaye mifuko 31 ilikuwa imeoza. Mdogo wangu alikaa nyumbani wiki tano, akinisaidia kuchota maji wala asiniulize neno. Ningependa afadhali angenigombeza.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Uyoga si mmea. Hauna majani mabichi ya kutengeneza chakula kwa nguvu za jua, bali hula vitu vilivyokwisha kufa: majani makavu, mabua, vumbi la mbao, maganda ya pamba. Uyoga ninaousema hapa ni ule mweupe au wa kijivu, ulio kama sikio au kama chaza, ambao jirani zetu wa Tanzania huuita mamama. Nyuzi zake nyeupe hupenya ndani ya maganda, zikayala, na zikiisha kushiba hutoa ule uyoga tunaokula. Lakini si uyoga peke yake unaopenda maganda. Gunia moja limejaa mbegu za ukungu wa kila namna, bakteria, mayai ya nzi na wadudu wengine, nao wote hungoja jambo moja tu, maji. Ukilowesha maganda, umewapigia wote kengele ya chakula. Nyuzi za uyoga huenda polepole, huchukua wiki tatu au nne kuujaza mfuko. Ukungu wa kijani hukimbia. Kwa hiyo yatupasa kuwapunguza washindani kabla ya kuupanda uyoga wetu, na kazi hiyo hufanywa kwa joto.

Hapa ndipo wengi hukosea, nao hukosea kwa njia mbili zilizo kinyume.

Wa kwanza husema, kama joto huua wadudu, basi tuue wote kabisa, tusisaze hata mmoja. Hilo hufanyika katika maabara ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa, chenye mvuke wa digrii 121 za Sentigredi. Lakini maganda yaliyouliwa kila kitu ni kama shamba la mahindi lisilo na mlinzi kando ya msitu. Nyani wa kwanza kufika hula lote. Mbegu moja ya ukungu ikianguka humo kutoka hewani haikuti wa kuizuia. Katika maabara hewa huchujwa, lakini jikoni kwetu hewa ina vumbi la kuku na moshi. Basi sisi twataka joto la kati, digrii 65 hadi 80. Joto hilo huua ukungu mwingi, nzi na mayai yao, lakini huacha hai bakteria wengine wanaostahimili joto. Hao hawaudhuru uyoga wetu, tena hukalia nafasi ambayo ukungu ungeitaka. Wao ndio walinzi wa shamba.

Jambo hili lilitokana na mvinyo. Katika miaka ya 1860 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alichunguza kwa nini mvinyo wa nchi yake ulikuwa ukichacha, akaonyesha kwamba kuupasha moto hadi digrii 50 au 60, bila kuuchemsha, kulitosha kuulinda. Jina lake likawa jina la kazi yenyewe, pasturaizesheni. Maziwa yanayouzwa katika pakiti hufanyiwa hivyo hivyo. Mimi hapa nitasema kupasha tu.

Kosa la pili ni la kupasha kidogo mno, nalo ndilo langu. Nilikuwa na pipa la lita 200. Nilitia maji chini, nikapanga mawe, juu ya mawe nikaweka vijiti, na juu ya vijiti magunia matatu madogo ya maganda yaliyoloweshwa. Nikawasha moto. Mvuke ulipoanza kutoka nilitazama saa, nikahesabu saa moja, nikazima, nikajiona mtaalamu. Maji yalichemka, hilo ni kweli. Bali maganda ya pamba ni kama blanketi. Joto huingia ndani yake kwa taabu, na ya katikati hukaa baridi muda mrefu baada ya ya nje kuwa ya moto usioweza kugusika. Mwaka uliofuata niliazima kipimajoto kirefu kwa mwalimu mmoja wa kemia, nikarudia kazi ile ile kwa pipa lile lile. Baada ya saa moja ya mvuke, moyo wa gunia ulikuwa na digrii 40 na kitu. Joto hilo haliui kitu. Mwenye kuku anajua kwamba digrii 38 ni joto la kuangulia vifaranga, nami nilikuwa nimekaa saa nzima nikiatamia ukungu wangu kwa kuni za kununua.

Kwa hiyo sheria ni hii: usihesabu muda tangu maji yalipochemka, bali tangu moyo wa gunia ulipofika digrii 70. Toka hapo hesabu saa mbili kamili. Kwa pipa langu kazi yote huchukua saa tano au sita, wala mtu asijaribu kuianza baada ya chakula cha mchana. Asiye na kipimajoto apashe muda mrefu zaidi, tena atumie magunia membamba, maana gunia lenye unene wa shina la mgomba mkubwa hupata moto upesi kuliko lile la kujaza pipa zima. Tena msihofu kwamba sisi wa milimani maji yetu huchemka mapema. Fort Portal iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na maji huchemka kwenye digrii 95 badala ya 100. Kwa kupika maharagwe hasara hiyo huonekana, bali kwa kazi yetu 95 ni nyingi.

Maji ya kuloweshea nayo yana kipimo. Loweka maganda tangu jana yake jioni, kwani mbegu za ukungu zilizolala kavu ni ngumu kuua, na zikianza kuamka kwa maji hulegea. Asubuhi yatoe yachuje. Teka konzi moja, uikamue kwa nguvu zako zote. Yakitoka matone mawili matatu katikati ya vidole, ni sawa. Yakitiririka, yaanike kidogo, maana mfuko uliojaa maji hauna hewa, na pasipo hewa hustawi bakteria wa uvundo. Mfuko wa namna hiyo utaujua kwa pua kabla ya macho.

Kuhusu pipa, natoa maonyo mawili nayo nayasema kwa ukali. Usitumie pipa lililokuwa na dawa ya kunyunyizia pamba au mafuta ya mashine, hata likisuguliwa mara kumi. Na mfuniko usifungwe kwa kubanwa. Uweke juu tu, juu yake magunia mabichi na jiwe dogo, mvuke upate pa kutokea. Pipa lililozibwa kabisa juu ya moto ni bomu. Wakati wa kufunua, simama upande upepo unakotoka, uinue kwanza ukingo ulio mbali nawe. Mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto.

Zimeni moto, yaacheni maganda ndani ya pipa usiku kucha, yapoe yenyewe. Najua mnataka kuyatoa. Msiyatoe. Mbegu za uyoga zilizopandwa katika maganda ya digrii 45 hufa, na ukungu hushukuru. Asubuhi yamwageni juu ya karatasi safi ya nailoni katika chumba kisicho na upepo, mkiisha kunawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Weka maganda kidogo ndani ya kifundo cha mkono. Usiposikia moto wala baridi, panda. Tia tabaka la maganda, tabaka jembamba la mbegu, tena maganda, tena mbegu, hata mfuko ujae, kisha shindilia kidogo na ufunge. Na upande siku hiyo hiyo. Maganda yaliyopashwa yakilala siku mbili wazi yamerudi kuwa maganda ya kawaida.

Baada ya kupata kipimajoto nilidhani nimeshinda. Msimu ule niliona maganda ya pamba ni ghali, nikachanganya na magunzi ya mahindi yaliyopondwa. Nilipasha sawasawa, saa mbili kwenye digrii 65 katika moyo wa gunia. Siku ya tatu mifuko sita ikavaa unga wa rangi ya chungwa, mzuri kwa kutazama, nao ukafumka hata nje ya kamba. Nilikuja kujua baadaye kwamba ukungu huu, uitwao Nyurospora, una mbegu za namna mbili. Zile za unga wa chungwa hufa kwa joto upesi. Nyingine ni nyeusi, zenye ganda gumu, nazo hulala mpaka ziamshwe na joto la digrii 60 hivi. Katika nyika huamka baada ya moto kupita, zikala miti iliyoungua kabla ya wengine kuwahi. Basi mimi kwa pipa langu nilikuwa nimewasha moto wa nyika. (Vijana wa biolojia watafurahi kujua kwamba Beadle na Tatum waliutumia ukungu huu huu katika kazi yao ya mwaka 1941 juu ya jeni na vimeng'enya, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Mimi haukunipa tuzo.) Ukiuona, usiufungue mfuko wala usiutikise. Ufunike taratibu kwa gazeti lililoloweshwa maji, uupeleke mbali, uuzike. Magunzi nimeyaacha. Anayeyataka ayapashe kwa mvuke wa juu kabisa saa nyingi, ayahesabu na kuni zake, kisha aone kama ni rahisi kweli.

Na kuni ni jambo la kufikiri, maana pipa moja hula mzigo mzima. Asiye nazo anaweza kutumia chokaa. Chukua chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka kuta, si ile ya kutia shambani, kwani ile ya shambani haina ukali wa kutosha. Koroga katika maji, zamisha maganda kwa gunia lenye jiwe, uyaache saa 12 hadi 18, kisha yachuje vizuri. Lita moja ya maji haiyeyushi hata gramu 2 za chokaa, kwa hiyo tia zaidi ya hapo, gramu 5 au 6, iliyobaki itakaa chini kama akiba. Hapa si joto linaloua bali ukali wa maji, na uyoga huu wetu huuvumilia ukali huo kuliko ukungu mwingi. Vaeni glavu za mpira, na atakayerukiwa jichoni aoshe kwa maji mengi papo hapo, asingoje. Nimejaribu njia zote mbili. Pipa hunipa mifuko mizuri zaidi, chokaa hunipa usingizi zaidi.

Neno juu ya chumba. Bibi yetu alianza kukohoa usiku mwaka ule tulipotundika mifuko katika chumba cha kando ya chake. Uyoga ukikomaa mno, kingo zake zikanyooka na kupinda juu, hutoa unga wa mbegu kama moshi, na unga huo ukivutwa kila siku huumiza mapafu. Tuliihamishia mifuko kibandani, naye akapona. Vunja uyoga wakati kingo bado zimeinama chini, na nyuma ya bweni lenu hakikisheni upepo hauelekei madirishani.

Ada ya mdogo wangu ililipwa muhula wa tatu, kwa uyoga wa mifuko tisa iliyosalia na kwa mbuzi wa tatu. Yeye sasa ndiye anayeshika kipimajoto. Maganda yaliyokwisha kutumika tunayamwaga migombani, na mvua ikinyesha sana hutoka humo uyoga mara moja moja, ambao Mama huuchuma kabla yetu wala hatugawii.