Dondoo muhimu: Rangi ya ndani ya kabati la miche

Kwa mpangaji wa chumba kimoja karibu na eneo la viwanda la EPZ, Athi River, anayekuza dania au miche ya sukuma wiki kabatini chini ya taa za LED, rangi ya ndani ndiyo inayorudisha mwanga kwenye majani.

1. Chagua nyeupe kabisa, isiyong'aa; krimu hupoteza mwanga.
2. Nunua rangi ya maji. Mvuke wa rangi ya mafuta huchukua siku nyingi kuisha na waweza kudhuru miche, nawe unalala chumba hichohicho.
3. Kopo lisilo na alama ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya) liache: kiwango cha Kenya hakiruhusu madini ya risasi kupita sehemu 90 kwa milioni.
4. Ulizia yenye kinga ya ukungu.
5. Piga msasa, futa vumbi (la saruji halikosi hapa), paka praima, kisha rangi mara mbili. Usisahau kingo za plaiwudi. Ndizo hunywa maji kwanza.
6. Foili ya jikoni usibandike badala ya rangi: hupitisha umeme ikigusa waya uliochubuka.
7. Acha milango wazi hadi harufu iishe, ndipo uingize miche.